Sini na kosini kwenye kompyuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ulianza kama karatasi niliyoibandika ukutani karibu na meza yangu, maana swali la kwanza hapa chini nilishachoka kulijibu kwa mdomo. Nikisema float namaanisha namba ya nukta elea ya biti 32, na double ni ile ya biti 64. Alama kama e-16 mwishoni mwa namba ni "mara 10 kwa kipeo cha -16". Pembe zote ni za radiani, isipokuwa pale nitakapotaja nyuzi.

Nimeandika sin(pai), nikapata 1.2246467991473532e-16 badala ya sifuri. Kompyuta imekosea?

Haijakosea. Yenye kasoro ni pai uliyoipa. Hakuna double iliyo sawa kabisa na pai. Iliyo karibu kuliko zote, ambayo ndiyo unapewa na Math.PI au M_PI, ni 3.141592653589793115997963… Pai yenyewe ni 3.141592653589793238462643… Chukua kalamu, toa ya kwanza kwenye ya pili, unabaki na 0.000000000000000122464… Sasa litazame tena lile jibu ulilolilalamikia. Pembe ikipungua kidogo tu kufika pai, sini yake ni huo upungufu wenyewe. Kwa hiyo fanksheni imekwambia, kwa tarakimu 17, pai yako ilipungua kiasi gani. Ukijumlisha pai yako na jibu hilo kwa mkono unapata pai yenye tarakimu zaidi ya 30. Mimi huliona ni jambo la kupendeza, lakini watu wanalifungulia ripoti za hitilafu.

Ndivyo ilivyo pia kwa tan(pai/2), inayotoa 16331239353195370 hivi badala ya kugoma. Pembe uliyoitoa haikuwa robo mzunguko kamili, basi tanjenti yake ni kubwa mno lakini ina mwisho.

Na sini ya nyuzi 30 je? Napata 0.49999999999999994, na kila mtoto wa sekondari anajua ni nusu.

Hadithi ni ileile. Nyuzi 30 ukizigeuza radiani unapata double iliyo pungufu ya pai/6 kwa takriban 5.7e-17. Sini halisi ya hiyo double (si ya nyuzi 30) ni 0.5 kasoro 4.97e-17, na double iliyo karibu nayo zaidi ni hiyo 0.49999999999999994. Maktaba (yaani fanksheni zilizokwishaandikwa ambazo programu yako inaziita) imejibu sawasawa swali ambalo hukukusudia kuuliza.

Dawa ni kutogeuza mapema. Punguza pembe ikiwa bado katika nyuzi: fmod(x, 360) haina kosa hata la biti moja, kwa sababu baki ya double kwa double siku zote inaandikika kama double. Kisha tumia ulinganifu wa duara ushuke hadi kati ya 0 na 45, ndipo uzidishe kwa pai/180. Kwa njia hiyo nyuzi 180 zinakupa sifuri halisi na nyuzi 90 zinakupa moja, ingawa zile 30 bado zinaweza kukosa biti ya mwisho. Lugha ya Julia inayo sind tayari kwa kazi hii. Kiwango cha IEEE 754, kinachotawala namba za nukta elea, katika toleo la mwaka 2008 kilipendekeza pia sinPi na cosPi, ambapo unatoa pembe kama sehemu ya nusu mzunguko, na lugha ya C imezipokea katika toleo la C23. Kama pembe zako zinatoka kwenye nyuzi au mizunguko, hizi ndizo za kutumia. Radiani ni tamu kwenye kalkulasi, ila kwenye kompyuta zinakulazimisha kubeba pai kila uendako.

Kwani kompyuta inapataje sini? Ina jedwali kama lile la kitabu cha logi?

Mara nyingine hutumia jedwali dogo, lakini njia ya kawaida ina hatua mbili. Kwanza pembe inapunguzwa kwa kutoa vigawe vya pai/2 mpaka iwe kati ya -pai/4 na pai/4. Halafu inaingizwa kwenye polinomia fupi. Maktaba ya fdlibm iliyotolewa na Sun mwaka 1993, ambayo imenakiliwa karibu kila mahali, inatumia polinomia ya kipeo cha 13 kwa sini: x yenyewe na vigawo sita.

Ukifungua msimbo wake utakuta kitu cha kushangaza. Shuleni tunafundishwa kwamba kigawo cha x³ ni -1/6, yaani -0.16666666666666666667. Kwenye fdlibm kimeandikwa -0.166666666666666324348. Si kosa la uchapaji. Mfululizo wa Taylor ni hodari karibu na sifuri na unalegea kadiri unavyoelekea ukingoni. Ni kama jahazi ambalo mzigo wote, yaani kosa, umerundikwa tezi, huko nyuma. Ukiruhusu vigawo visogee kidogo, kosa linagawanyika sawia jahazi zima, na lile kubwa kuliko yote linapungua. Utaratibu wa kuvitafuta vigawo hivyo uliandikwa na mwanahisabati wa Kisovieti Evgeny Remez mwaka 1934, kabla ya kompyuta za kuutumia hazijakuwepo.

Mimi nimeandika Taylor yangu mwenyewe. Inafanya vizuri kwa 1, lakini kwa 30 inapotea. Niongeze idadi ya hatua?

Hapana, hata ukiongeza elfu. Kwa x = 30, hatua kubwa kuliko zote katika mfululizo inafika takriban 776,000,000,000, ilhali jibu ni -0.988. Huko kwenye mabilioni mia saba na kitu, double mbili jirani zinaachana kwa 0.00012. Ukishalikadiria jambo kwa ukubwa huo, zile desimali za mbali zimekwenda; kutoa baadaye hakuzirudishi. Kwa x = 100 hatua kubwa ina tarakimu 43, na utapewa "sini" ya mabilioni ya mabilioni bila onyo lolote.

Punguza pembe kwanza.

Kupunguza pembe si ni kutoa pai tu? Kwa nini mnalikuza?

Kwa sababu hapo ndipo penye kazi yote. Polinomia ni jambo la mchana mmoja.

Chukua x iliyo karibu sana na kigawe cha pai/2. Ukitoa, tarakimu za mbele zinafutana na unabaki na za nyuma tu, zile ambazo pai yako ya double haikuwa nazo. Njia ya William Cody na William Waite, iliyoenea tangu 1980, inaikata pai/2 vipande viwili au vitatu. Kipande cha kwanza kinaachiwa sifuri nyingi mwishoni ili kikizidishwa kwa namba nzima kisipoteze biti. Kisha unatoa kimoja kimoja, kikubwa hadi kidogo. Fdlibm inatumia njia ya jamii hiyo mpaka pembe ifike kama 823,549, yaani 2 kwa kipeo cha 19 mara pai/2.

Juu ya hapo vipande havitoshi. Mary Payne na Robert Hanek waliandika mwaka 1983 namna ya kutoka: badala ya kugawanya, zidisha x kwa 2/pai, lakini usizidishe yote. Biti za mbele za 2/pai zingekupa mizunguko kamili, ambayo haina habari yoyote kwa sini, basi ziruke. Biti za mbali mno ni ndogo kupita kiasi, ziache. Chukua dirisha la katikati tu. Ili dirisha hilo liweze kusogea kwa double zote, fdlibm imehifadhi tarakimu 396 za 2/pai katika mfumo wa 16, yaani biti 1,584.

Double yenye inda kuliko zote inajulikana. Ni 6381956970095103 mara 2 kwa kipeo cha 797, namba ya tarakimu 256, na imekikaribia kigawe cha pai/2 kiasi kwamba kosini yake ni -4.687e-19. Hakuna double nyingine inayokaribia hivyo. Ukijua hili unajua pia biti ngapi za akiba zinatosha, na hakuna haja ya kuhofia mdudu mwingine aliyejificha.

Kuna mtu kweli anahitaji sin(10 kwa kipeo cha 22)?

Sijamwona. Kwa ukubwa huo double moja na inayofuata zimeachana kwa 2,097,152, na katikati yake duara limezunguka mara zaidi ya 333,000. Kama namba yako imetoka kwenye kipimo chochote, jibu halina maana.

Lakini fanksheni haijui namba imetoka wapi. Haina haki ya kukisia kwamba wewe ulimaanisha "takriban". Inapokea 10²², ambayo kwa bahati ni double kamili, na jibu lake ni -0.8522008497671888. Maktaba inayotoa kitu kingine imekosea, basi. Nimewahi kubishana juu ya hili hadi chai ikapoa, na sijabadili msimamo: wa kuilinda pembe ni anayeita, na wa kuijibu pembe aliyopewa ni maktaba.

Prosesa za Intel zina amri ya fsin ndani ya chuma chenyewe. Si ingekuwa sahihi zaidi ya programu?

Ndivyo wengi walivyodhani kwa miaka. Fsin inapunguza pembe kwa pai ya biti 66. Kwa pembe ndogo ni nyingi, lakini ukiipa ile double ya pai, biti 53 za mwanzo zinafutana na zinabaki 13 tu. Jibu lake ni 1.2246063538223773e-16. Linganisha na lile la swali la kwanza: baada ya 1.2246 yaliyobaki ni kelele. Mwongozo wa Intel ulikuwa ukisema kosa halizidi biti ya mwisho, mpaka mwaka 2014 Bruce Dawson alipoonyesha hadharani kwamba si kweli, nao wakaurekebisha. Tena fsin haipokei kabisa pembe inayozidi 2 kwa kipeo cha 63. Programu za leo za biti 64 kwa kawaida haziigusi.

Na vikokotoo vya mkononi?

Vingi vimerithi mbinu ya CORDIC ya Jack Volder, aliyeibuni mwaka 1956 kwa ajili ya kompyuta ya uongozaji ya ndege ya B-58 na kuichapisha 1959. Unaizungusha mishale kwa pembe zilizochaguliwa, 45, kisha 26.565, kisha 14.036, mbele au nyuma, na kila mzunguko unahitaji kujumlisha na kusogeza biti tu, bila kuzidisha. HP-35 ya mwaka 1972 ilitumia toleo lake la namba za kumi. Kwenye chipu isiyo na kizidishio bado haina mpinzani.

Arduino yangu inatoa majibu ya ajabu ingawa nimetumia double. Kwa nini?

Kwa sababu kwenye Arduino Uno ya chipu ya AVR neno double ni jina tu. Ina baiti 4, sawa na float.

Nililipata somo hili kwa aibu. Nilimtengenezea mjomba wangu, mvuvi, saa ya maji: kioo kidogo kinachochora maji kujaa na kupwa. Hesabu yake ni jumla ya kosini. Ile kubwa, ya mwezi, inakwenda nyuzi 28.9841042 kwa saa. Ya jua inakwenda 30 kamili. Zikienda pamoja ni bamvua, zikipingana ni maji mafu. Nilihesabu saa tangu tarehe 1 Januari 1900, kama nilivyoona kwenye fomula fulani, nikaipeleka jumla kwenye cos. Baada ya wiki mjomba akanipigia: "Mjomba, saa yako inapanda ngazi. Maji hayapandi ngazi."

Alikuwa na haki. Tangu 1900 zimepita zaidi ya saa 1,048,576, na kwa float za ukubwa huo namba jirani zinaachana kwa 0.125. Saa yangu ilikuwa inajua wakati kwa vipande vya dakika saba na nusu! Ukizidisha kwa 28.98 unapata nyuzi zaidi ya milioni 31, ambako float zinaruka mbilimbili. Kosini ilikuwa inafanya kazi yake barabara. Ilikuwa inaletewa pembe mbovu.

Sikubadilisha kosini hata herufi. Nilihesabu saa kuanzia mwanzo wa mwaka huohuo, hivyo hazizidi 8,784, na pembe ya kuanzia ya kila mwaka nikaikokotoa kwenye kompyuta kubwa nikaiandika kwenye jedwali. Hatua ikashuka hadi chini ya sekunde nne. Watengeneza majedwali ya maji walikuwa wakifanya hivyo kwa kalamu zamani sana, wala si kwa sababu ya float.

Programu yangu inasema bodaboda iko kilomita 2.2 kutoka kwa abiria, na wako mtaa mmoja Kariakoo.

Umetumia fomula ya acos (kinyume cha kosini) pamoja na float. Kwa umbali mdogo kosini iko karibu sana na 1, na chini ya 1 float zinaachana kwa 0.00000006. Hatua moja chini ya 1 ni pembe ambayo, kwa dunia ya nusu kipenyo cha kilomita 6,371, ni kilomita 2.2. Hatua ya pili ni 3.1. Kati ya sifuri na 2.2 hakuna kitu. Abiria wa mtaa wa pili hana mahali pa kuwekwa. Na ukadiriaji ukikusukuma juu ya 1 kidogo, acos inarudisha NaN, yaani "si namba", na ramani inakuwa nyeupe.

Tumia fomula ya haversini, inayopima sini ya nusu ya tofauti, ikipandishwa kipeo cha pili. Mabaharia walikuwa na majedwali yake kabla ya kompyuta, kwa sababu na wao walikuwa na tarakimu chache. Kwa double fomula ya acos inavumilika mpaka mita chache, lakini sioni sababu ya kuivumilia.

Jambo hilohilo linawakuta wanaoandika 1 - cos(x). Kwa x = 1e-8 utapata sifuri tupu, wakati jibu ni 5e-17. Andika 2*sin(x/2)*sin(x/2).

Kwa nini programu moja inatoa tarakimu ya mwisho tofauti kwenye kompyuta mbili?

IEEE 754 inalazimisha kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kipeuo cha pili vitoe double iliyo karibu kabisa na jibu halisi. Kwa sini inapendekeza tu. Kisa ni kile William Kahan alichokiita mtanziko wa mtengeneza jedwali: jibu halisi likiangukia karibu mno na katikati ya double mbili, unalazimika kukokotoa tarakimu zaidi ili kujua uende juu au chini, na hujui kabla ni ngapi. Kwa hiyo kila maktaba inachagua inavumilia kiasi gani. Nzuri za leo zinakosea kwa zaidi kidogo ya nusu ya biti ya mwisho, jambo ambalo ni zuri, ila si zote zinakosea mahali pamoja.

Kama unahitaji majibu yaleyale kila mahali, mathalani mchezo ambao simu mbili zinaiga ulimwengu mmoja, beba maktaba yako mwenyewe ndani ya programu. Kwenye Java, StrictMath inakuhakikishia fdlibm; Math.sin inaruhusiwa kosa la biti moja ya mwisho. JavaScript inawaachia watengenezaji wa vivinjari, na tofauti zao zimewahi kutumika kukitambua kivinjari cha mtu. Mradi wa CORE-MATH wa Ufaransa unaandika fanksheni zinazokadiria sawasawa kwa kila pembe, bila kupunguza sana kasi. Ukikomaa kila mahali, swali hili nitalifuta.

Niweke -ffast-math, ile swichi ya kompaila ya kuongeza kasi ya hesabu?

Kama huwezi kueleza inachofanya, usiweke.

Kwenye kadi za picha hali ni nyingine, kasi ndiyo biashara. CUDA, mfumo wa kuandikia programu za kadi za Nvidia, ina __sinf, ambayo kosa lake ni kama 0.0000004 pembe ikiwa kati ya -pai na pai. Nje ya hapo linakua. Kwa mawimbi ya bahari kwenye mchezo inatosha na kubaki. Kinachowaumiza watu huko si __sinf bali saa: wakipeleka sekunde tangu mchezo uwashwe kama float, baada ya saa 36 na dakika kadhaa hatua inakuwa 1/64 ya sekunde, na mawimbi yanaanza kukwama kama gari lenye maji kwenye petroli.

Nitaipimaje fanksheni niliyoandika?

Kwa float huna kisingizio: ziko 4,294,967,296 tu, zipime zote dhidi ya double, uende ukale. Kwa double chagua zenye inda: 10²², ile ya kipeo cha 797, jirani za vigawe vya pai/2, namba ndogo kama 1e-300 (sini yake ni yenyewe), sifuri hasi (inapaswa kurudi hasi), na infiniti, ambayo sini yake ni NaN. Linganisha na MPFR, maktaba inayokokotoa kwa tarakimu nyingi upendavyo, au mpmath ukiwa kwenye Python.

Angalia jambo moja kwenye mpmath. Nilipoteza siku nzima nikiamini nimekuta kosa katika sini ya 0.1. Upande mmoja nilikuwa nimeandika 0.1, upande wa pili mpf('0.1') na alama za nukuu. Ya pili ni moja ya kumi kwa tarakimu zote ulizoiagiza mpmath kubeba. Ya kwanza ni double, iliyozidi kidogo. Ondoa hizo alama za nukuu.